Tupeane uzoefu: figiri na haradali za nyuma ya nyumba

Wa Ujiji: Leo jirani kanikatia mboga ya figiri, nimetafuna jani bichi pale pale tutani likanipanda puani, nikamkumbuka bibi. Alikuwa anakata majani machanga membamba kama uzi, kitunguu, nyanya, ndimu, tunashushia ugali wa muhogo na migebuka. Mimi nikipanda zinachanua hata sijala mara mbili. Wenzangu mnafanyaje?

Katubuka: Ukisia Septemba juani hapa Kigoma mjini lazima zikimbilie maua, na jani linakuwa kali mpaka chungu. Mimi nasia chini ya mpapai, mbegu moja kwa moja tutani. Wiki ya tatu au ya nne nakata majani ya pembeni, ya katikati naacha.

Mwandiga: Shida yangu vidudu vyeusi vinavyoruka kama viroboto. Majani yote chekeche.

Buhigwe: Majivu asubuhi, umande haujakauka.

Mwandiga: Nilimwaga debe zima, mvua moja tu yakaondoka.

Mama wa Gungu: Kwenye vidudu hapo mmenigusa. Mwaka juzi niliuziwa dawa kwenye kichupa cha maji, haina hata karatasi. Nikapuliza jioni. Kesho yake niko Kibirizi nachukua dagaa, binti yangu wa miaka tisa akachuma haradali, akasuuza mara moja, akawatengenezea wadogo zake kachumbari. Narudi, wa mwisho yuko mkekani, mate yanamtoka, jasho kama kamwagiwa maji, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano. Bodaboda moja, watoto watatu. Walilazwa siku nne.

Katubuka: Pole sana mama yangu. Nimesisimka mwili.

Mwanga: Ungewapa maziwa kwanza.

Buhigwe: Hapana! Maziwa yanakuchelewesha tu. Beba mtoto, beba na kichupa, daktari ajue ni sumu gani.

Mwanga: Kwetu watu wamenyweshwa na wakapona.

Buhigwe: Wangapi hawakupona? Na dawa halali imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Isiyo na maandishi usinunue.

Kasulu: Mimi mbichi siziwezi. Naunga kwa mawese na karanga, ukali wote unaisha.

Wa Ujiji: Ukali ukiisha si bora ule chainizi! Mama wa Gungu, binti bado anakula kachumbari?

Mama wa Gungu: Anakula. Ila kila mara ananiuliza, "Mama, umepuliza lini?" Na tangu siku ile sijapuliza.