Naomba ushauri: changarawe ya dhahabu Chunya, imeshaoshwa au bado?

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Nina leseni ndogo ya uchimbaji kando ya kijito kimoja wilayani Chunya, katika uwanda wa dhahabu wa Lupa, ambako dhahabu ya mchanga iligunduliwa mwaka 1922 na wachimbaji wakafurika miaka ya 1930. Historia hiyo ndiyo inayonitatiza, kwani huenda wachimbaji hao walikwisha kuiosha changarawe ya hapa na kuondoa dhahabu yake.

Nimechimba mashimo manne ya majaribio. Matatu ya karibu na maji yana changarawe iliyolegea, isiyo na tabaka, na nikiiosha kwa karai napata vumbi la dhahabu tu. La nne, lililo juu kidogo ya kingo, lina changarawe iliyoshikamana juu ya mwamba, yenye mchanga mweusi mwingi unaonaswa na sumaku, pamoja na punje chache zenye kingo kali, moja ikiwa bado imeng'ang'ania kipande cha jiwe jeupe la kwatsi. Najua kwamba dhahabu iliyosafiri mbali na maji huwa bapa na laini, kwa hiyo nahisi chanzo kiko karibu. Zebaki ya kunasia dhahabu sijatumia wala sitaki kuitumia, kwa kuwa watu wa bondeni wanakunywa maji hayo.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Ni dalili zipi za hakika zinazotofautisha changarawe asilia na masalia yaliyooshwa na wachimbaji wa zamani? Na je, nianze kuosha changarawe ya shimo la nne, au kwanza nipime mchanga kwa karai kuelekea mlimani hadi niupate mkanda wenyewe, yaani mwamba wa kwatsi wenye dhahabu?