Makala za utafiti mnazitoa wapi bila kulipa?

Nesi_Rongai: Wasee habari, niko wodi ya watoto hapa Nairobi nataka kusoma kuhusu nimonia, sasa PubMed, ile tovuti ya kutafuta makala za afya, inanipa muhtasari tu, nikibonyeza makala yenyewe naambiwa toa dola. Mnafanyaje?

Baba_Vitabu: Sista, shuka maktaba ya hospitali umuone mkutubi. Kama wamejisajili Hinari, ile huduma ya kusoma majarida ya afya mtandaoni WHO ilianzisha 2002, paswedi anayo yeye, shida watu hawaulizi. Na hapo PubMed kushoto kuna kichujio cha makala kamili za bure, weka tiki.

Intani254: Mkutubi wetu saa kumi kamili ashafunga 😂 Mwandikie mwandishi mwenyewe, imeili yake huwa hapo kwa makala, wengi wanatuma PDF bila maneno mengi.

Nesi_Rongai: Asanteni, kesho kabla ya shifti naenda kumsumbua.