Naomba ushauri: Kidato cha tatu Mbeya wanabuni jaribio la kurushwa angani, wapeleke maharage au ulanzi?

Mwl_wa_Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha baiolojia hapa Mbeya. Vijana wangu wanabuni jaribio la kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kila kitu kikae ndani ya mrija mmoja wa silikoni wenye vibanio. Mwanaanga anafungua kibanio, maji yanakutana na mbegu, basi. Kundi moja linataka maharage, waone mzizi utaelekea wapi pasipo chini wala juu. Kundi la pili, likiongozwa na binti wa Iringa, linataka ulanzi, ile pombe ya mianzi, uchachuke huko huko. Darasa limegawanyika. Nishike lipi?

Msafwa_Halisi
Ulanzi, Mwalimu! Ila wanaanga wakigoma kurudi usituulize.

Kibonde_wa_Makambako
Tuache utani. Wazo la binti lina akili: huku chini chachu inatuama na mapovu yanapanda, kule havifanyi hivyo. Shida ni gesi. Ulanzi ukichachuka unatoa kaboni dayoksaidi, na mrija umezibwa. Wakaguzi wa usalama watalikataa mapema. Pia ulanzi wa leo si wa kesho, vijidudu vyake vinatofautiana, utalinganishaje?

Mwl_wa_Uyole
Kwa hiyo maharage. Niwaambie kule hakuna mvutano?

Dada_Tukuyu
Hapana, Mwalimu wangu, hapo watakosa maksi. Kwenye kilomita 400 mvutano wa dunia bado upo, kama asilimia 90 ya huu wetu. Kituo kinaanguka muda wote kikiizunguka dunia, ndiyo maana vitu vinaelea.
Na swali la "mzizi utaelekea wapi" limeshaulizwa sana. Libane: mzizi ukikosa mvutano, utafuata unyevu? Matango yamejaribiwa hivyo kwenye Kibo, maabara ya Wajapani iliyoko kwenye kituo hicho hicho. Ninyi chukueni ulezi, punje ndogo, zinaenea kwenye mrija. Harage moja tu likivimba limejaza nafasi.

Kibonde_wa_Makambako
Naunga mkono ulezi. Halafu msisubiri roketi. Chukua saa ya ukutani, toa kioo, bandika kwenye mshale wa sekunde, karibu na ekseli, kifuniko chepesi cha plastiki chenye tishu mbichi na punje chache, kisha funika kwa nailoni. Saa ibaki ukutani, isilazwe. Kwenye ncha ya mzizi kuna chembe za wanga zinazozama na kuuonyesha chini ni wapi. Ukizungushwa hivyo zinakosa pa kutulia, karibu kama kule angani. Kifuniko kingine kama hicho kibandike ukutani bila kuzunguka, ndicho cha kulinganishia. Giza sawa, maji sawa.

Mwl_wa_Uyole
Ya ofisi ya walimu imesimama tangu muhula uliopita. Nikiiomba watanipa?

Dada_Tukuyu
Watakupa, haina kazi. Nunua betri mpya tu.

Msafwa_Halisi
Na binti wa Iringa mpe uongozi wa kundi la ulezi, asinune.