Ndugu yangu alikosa mitupo miwili kwenye fainali, sasa anaandamwa kila kona. Aende kwenye mahojiano?

DadaWaUmoja
Hamjambo wanajukwaa. Mpira wa vikapu nimeujulia kwa huyu ndugu yangu anayenifuata, kwa hivyo nikitaja kitu vibaya mnirekebishe polepole.

Kijana ana miaka 23, anacheza ligi hapa Nairobi. Timu siitaji. Msimu mzima amekuwa akibebwa mabegani na mashabiki. Wakafika fainali, ikaenda hadi mechi ya tano, ile ya kuamua. Zimebaki sekunde nne, wako nyuma kwa pointi moja, akachezewa rafu, akapewa mitupo huru miwili. Akakosa yote. Jioni hiyo alikuwa amefunga pointi 27 kati ya 61 za timu nzima, lakini hizo hazitajwi na mtu.

Kuna video imekatwa ikabaki mitupo ile tu, ikawekewa wimbo wa matanga. Vijana wa mtaani waliowekeana dau wanamwandikia usiku wa manane wakitaka awarudishie pesa, na mmoja amesema anajua geti letu na saa ninayotoka kazini. Mwenyekiti wa timu naye amenukuliwa akisema "wachezaji wakubwa walituangusha", na timu yenyewe ina mchezaji mkubwa mmoja. Kinachomuumiza zaidi ni kwamba kabla ya fainali aliandika "kombe lishafika nyumbani, mimi naenda tu kulichukua". Wanamrudishia maneno hayo kila saa.

Sasa kuna shoo moja ya YouTube hapa mjini inamtaka Jumamosi "aeleze taifa kilichotokea". Anataka kwenda. Ameshapanga cha kusema: kwamba kocha alimchezesha dakika zote 40 na wenzake walikuwa wanaukimbia mpira. Mama anasema apande basi arudi nyumbani Kakamega hadi watu wasahau. Analala kwangu, kwa hivyo vita vyote viko sebuleni mwangu. Aende au asiende? Na huyu wa geti nimfanye nini?

ShabikiSugu
Pole dada, lakini mimi nilikuwa uwanjani na nililipa kiingilio, kwa hivyo niruhusu. Msimu wote tumempigia makofi, picha zake zimejaa kila ukurasa, viatu anapewa bure. Hizo sifa hakuzigawa na wenzake. Lawama zikija anataka zigawanywe? Mchezaji nyota anapokea vyote viwili. Na aliyeandika kwamba kombe lishafika nyumbani si sisi.

MzeeWaNyayo
Dada, asiende, na sababu yangu ni LeBron James, nyota wa NBA, ligi ya Marekani, yule wa 2011.

Julai 2010 alipohamia Miami alikaa jukwaani mbele ya mashabiki akaanza kuhesabu makombe watakayochukua, si mawili, si matatu, akapanda hadi "si saba". Mwaka uliofuata wakafika fainali, Dallas wakawafunga mechi 4 kwa 2. Mechi ya nne peke yake LeBron alitoka na pointi 8. Sasa, usiku ule wa kushindwa, damu bado inachemka, wanahabari wakamuuliza kuhusu watu wanaofurahia anguko lake. Akajibu kwamba hao wataamka kesho na maisha yaleyale na shida zilezile walizokuwa nazo. Huenda hata hakukusudia ubaya. Lakini waliosikiliza walisikia tajiri anawacheka wenye shida, na kuanzia hapo mjadala ukatoka kwenye mchezo wake ukaingia kwenye tabia yake.

Kilichomtoa hapo hakikuwa mahojiano. Alienda kwa Hakeem Olajuwon, yule nyota mstaafu mzaliwa wa Nigeria, akafundishwa kucheza karibu na kikapu akiwa amekipa mgongo. Juni 2012 akachukua kombe na akawa mchezaji bora wa fainali. Ndugu yako akikaa kwenye kile kiti Jumamosi aseme wenzake waliukimbia mpira, msimu ujao nani atampa pasi?

KayoleKwetu
Hizo shoo wasee huzijua. Wanakupatia soda, wanakuita "legendi", halafu kichwa cha video kinaandikwa ALIA KAMA MTOTO. Asijaribu.

KochaMstaafu
Nina swali kabla sijasema lolote. Ile mitupo miwili, mpira uligonga wapi? Ulikuwa mfupi au ulienda pembeni?

DadaWaUmoja
Nimemuuliza. Amenikazia macho kwanza, maana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo. Anasema yote miwili iligonga mbele ya ringi.

KochaMstaafu
Nilidhani hivyo. Mpira ukienda kushoto au kulia naangalia kiwiko na kiganja. Ukiwa mfupi mara mbili mfululizo, dakika ya mwisho ya mechi, naangalia miguu. Mtupo huru unaanzia magotini. Mtu aliyecheza dakika zote 40 bila kugusa benchi, mechi ya tano ya fainali, tena anakabwa na mabeki wawili kila akishika mpira, magoti yake hayana kitu. Watu wanasema aliogopa. Mimi nasema alichoka, na aliyestahili kuliona hilo alikuwa amesimama pembeni na suti.

Kwa hivyo kuhusu dakika ana hoja. Lakini hoja hiyo anaipeleka kwa kocha wake, mlango ukiwa umefungwa, na anaipeleka kama ombi la msimu ujao: nipumzishe dakika tatu robo ya tatu. Akiipeleka kwa kamera inageuka kisingizio hata kama ni kweli.

Ninachohofia mimi ni kitu kingine. Mwaka 1995 Orlando walikuwa mbele ya Houston kwa pointi tatu mwishoni mwa mechi ya kwanza ya fainali ya NBA. Nick Anderson wa Orlando akapata mitupo huru minne ndani ya muda mfupi. Akakosa yote minne. Houston wakasawazisha, wakashinda kwenye muda wa nyongeza, wakachukua fainali 4 kwa 0. Huyo hakuwa mpigaji mbaya, kabla ya hapo alikuwa anafunga takriban saba katika kila kumi. Misimu miwili baadaye alishuka hadi asilimia 40. Mkono ulikuwa uleule. Kila akisimama kwenye mstari alikuwa na ile mechi kichwani. Ndugu yako akijiambia kwamba tatizo lilikuwa moyo wake, ataanza kuogopa mstari wenyewe. Mwambie ni magoti. Magoti yanafanyiwa mazoezi.

Na mazoezi yenyewe asisimame kupiga mia mfululizo kama mtu anayetwanga mahindi. Mechi haikupi mia. Akimbie mwisho hadi mwisho, apige miwili, akimbie tena, apige miwili, hadi mapafu yapige kelele. Ana mwenye funguo za uwanja? Kama hana, niandikie inbox.

ShabikiSugu
Kocha umenibana kwenye hilo la miguu, sikuliona kutoka jukwaani. Lakini bado nasema kukosoa ni haki ya shabiki. Tukianza kuwafunika wachezaji kwa blanketi, ligi yetu haitakua. Kule NBA wanachambuliwa usiku kucha na wanalipwa kwa sababu watu wanajali.

Bi_Mshauri
ShabikiSugu, kule wanalipwa mamilioni ya dola na timu zina wanasaikolojia. Huyu analala kwa dada yake Umoja. Na hata wao hawajapona: mwaka 2018 DeMar DeRozan alisema hadharani kuhusu msongo wa mawazo, na wiki chache baadaye Kevin Love akaeleza alivyoshikwa na hofu kuu katikati ya mechi hadi akatoka uwanjani. Hao ni nyota, kila kitu wanacho.

Dada, mimi ni mshauri nasaha, nikuulize machache. Analala? Anakula na nyinyi au chumbani? Amesema lolote la kujidhuru? Kama jibu la mwisho ni ndiyo, usingoje jukwaa, mpeleke hospitali leo. Kama ni hasira na aibu tu, usimnyang'anye simu, ni mtu mzima. Mwombe akupe wewe akaunti kwa muda, ujumbe uusome wewe. Na Kakamega si wazo baya, ila aende kwa hiari yake na tarehe ya kurudi. Akienda kama mtu anayefichwa, atarudi akiwa na aibu mpya.

Wakili_Pembeni
Huyo wa geti si shabiki tena. Usimjibu, usifute. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe na uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandaoni ina kifungu cha 27 kinachohusu unyanyasaji wa aina hii, na adhabu yake si mchezo. Wanaomtania kuhusu mitupo waache, kejeli si kosa la jinai. Wanaodai pesa za dau, wafungie tu. Hana deni nao.

KayoleKwetu
Na mkumbuke 2021 tulivyorukaruka Ongwae wa timu yetu ya taifa alipoitungua Angola sekunde ya mwisho, 74 kwa 73, Kenya ikarudi AfroBasket, kombe la vikapu la Afrika, baada ya miaka 28. Ule mpira ungegonga chuma, hawa hawa wangemwimbia ule wimbo wa matanga. Na ni mtupo uleule, mtu yuleyule.

MzeeWaNyayo
Umesema kweli kijana. Na mimi nitaongeza moja kwa huyu ndugu, maana inamhusu kabisa. Yule Dirk Nowitzki wa Dallas aliyemshinda LeBron 2011, fainali za 2006 alikosa mtupo huru mmoja sekunde za mwisho za mechi ya tatu, ambao ungesawazisha. Dallas walikuwa wanaongoza 2 kwa 0, wakapoteza nne mfululizo. Mwaka uliofuata wakashinda mechi 67 za msimu kisha wakatolewa raundi ya kwanza na timu ya nafasi ya nane. Walimwita laini, walimwita kila kitu. Mwaka 2011, dhidi ya Oklahoma City, mechi moja alipiga mitupo huru 24, akafunga yote 24.

DadaWaUmoja
Asanteni sana, hata wewe ShabikiSugu. Bi Mshauri, analala vibaya lakini anakula, na hilo la mwisho nimemuuliza uso kwa uso, hapana. Nimetoka kituoni, namba ya OB ninayo. Mama amekubali aende Kakamega baada ya mwezi, kwa wiki, na si zaidi.

Jumamosi haendi. Ilichukua usiku mzima, na kilichomgeuza ni lile swali la nani atampa pasi. Lakini anasema hawezi kunyamaza kabisa. Ameandika hivi, naomba mniangalizie:

"Nilipata nafasi mbili za kutuletea kombe nikazikosa. Kabla ya fainali niliandika majigambo, nayameza. Refa pia alikuwa na siku yake. Wanaotishia familia yangu wajue suala liko polisi. Naomba radhi kwa Wakenya wote. Asanteni mliokuja uwanjani."

KochaMstaafu
Sentensi ya refa itoke. Hiyo moja itakula nyingine zote.

Wakili_Pembeni
Ya polisi pia itoke. Unamtangazia nini mtu unayetaka akamatwe?

ShabikiSugu
Wakenya wote? Hata wa Lodwar ambao hawakujua kulikuwa na fainali? Aombe radhi kwa wenzake na kwa sisi tuliolipa kiingilio, inatosha. Na yale majigambo asiyafute, ayaache pale pale. Akifuta ndiyo tutamcheka vizuri.

DadaWaUmoja
Refa ametoka, polisi wametoka, Wakenya wote wamebaki mashabiki wa timu. Anaituma saa moja jioni. Kocha, angalia inbox, funguo za uwanja hana. Ile shoo nimewaandikia kwamba haji, wakauliza kama mimi dada mtu naweza kuja badala yake. Nimewafungia.