Abiria wangu wa kwanza ni mama yangu mzazi: nijiandaeje kuruka naye kutoka Kisongo?

Binti wa Machame anauliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo.

Mwezi Novemba nilifaulu mtihani wa vitendo na kupata leseni ya rubani binafsi. Nina saa 58 angani, nyingi kati ya hizo nikiwa na mkufunzi kando yangu na chache nikiwa peke yangu, lakini hadi leo sijawahi kumbeba mtu ambaye hajui chochote kuhusu ndege. Mama yangu, ambaye ndiye aliyeuza ng'ombe wawili ili nianze masomo haya, ana umri wa miaka 61, anaishi Machame, ana presha inayodhibitiwa kwa dawa, na hajapanda ndege ya aina yoyote maishani mwake. Nimemwahidi kwamba Jumapili ya wiki ijayo, baada ya ibada, nitampandisha kutoka uwanja wa Arusha pale Kisongo, twende upande wa Moshi, aione nyumba yake kutoka juu, kisha turudi. Tungeruka yapata saa saba mchana.

Mjomba naye ameomba kuja, na amejitolea kulipa gharama zote za ndege ikiwa nitamchukua. Ndege ni Cessna 172 ya zamani, ndege ndogo ya viti vinne yenye injini ya kabureta. Uzito wake ikiwa tupu ni kilo 665, na uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 1,043. Mimi nina kilo 62, mama nakadiria karibu 70, mjomba karibu 80, na mizigo tuseme kilo 10. Hata nikijaza mafuta yote, hesabu inanipa kilo 996, yaani tuko ndani ya kiwango.

Mara ya mwisho kuruka ni wiki saba zilizopita. Kwa kanuni bado naruhusiwa kubeba abiria, kwa sababu ndani ya siku 90 nimeruka na kutua zaidi ya mara tatu. Hata hivyo kila nikiiwaza siku hiyo tumbo linanikaza, na sijui kama ni woga wa kawaida au ni dalili kwamba kuna jambo sijaliona. Mama ameshawatangazia majirani na kwaya nzima. Pia anatamani tupite juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, aone theluji. Naomba mnielekeze.

Rubani wa Zamani anajibu:

Marahaba, binti yangu, na hongera sana. Huo mkazo wa tumbo usiupuuze, maana umekuja na maswali ya haki.

Nianze na saa uliyochagua, kwa kuwa ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Kisongo iko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, joto la kiwango linalotumika katika hesabu zetu ni nyuzi 6 tu za Selsiasi. Mwezi huu wa Februari, saa saba mchana, kipimajoto kinaweza kufika nyuzi 28, na kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi, kila nyuzi moja inayozidi inaongeza takribani futi 120 kwenye mwinuko ambao ndege inauhisi. Piga hesabu mwenyewe: injini na mabawa yako yatafanya kazi kana kwamba uwanja uko futi 7,200. Ukiruka saa moja asubuhi, wakati joto liko nyuzi 16, mwinuko huo unakuwa kama futi 5,750. Ni ndege ileile na uwanja uleule, lakini ya asubuhi inapanda, na ya mchana inajikongoja kuelekea mapaa ya mjini.

Sasa unganisha hilo na uzito. Kuwa ndani ya kiwango cha kilo 1,043 kunakuhakikishia kwamba fremu ya ndege inauhimili mzigo huo. Hakukuambii kwamba utaruka vizuri kutoka Kisongo kwenye joto la mchana. Ukimwacha mjomba nyumbani na ukaweka nusu ya mafuta, ambayo ni lita 75 hivi sawa na kilo 54, na mkoba mmoja tu wa kilo 5, utakuwa na kilo 856 badala ya 996. Sisi hutumia kanuni ya kukadiria kwamba kila asilimia 10 ya uzito unaoongezeka hurefusha umbali wa kuruka kwa asilimia 20. Maana yake ni kwamba mjomba, mizigo na yale mafuta ya ziada yatakudai karibu theluthi moja zaidi ya barabara ya kurukia. Lita 75 zinatosha safari yako ya saa moja na kubakiza zaidi ya saa nzima ya akiba. Ila usikadirie uzito wa mtu. Mpime kwa mzani, akiwa amevaa nguo na viatu atakavyovaa siku hiyo, pamoja na mkoba wake. Hakuna aibu katika jambo hilo.

Kuhusu mjomba kulipa: leseni yako ni ya rubani binafsi, na haikuruhusu kupokea ujira wa kumrusha mtu. Mshukuru kwa upole na umkatalie. Siku hiyo awepo, apige picha kutoka chini.

Kibo msahau kabisa. Kilele kiko mita 5,895, sawa na futi 19,341, ilhali ndege yako, ikiwa mpya na nyepesi, ukomo wake ni futi 14,200. Hata kukaribia mteremko si salama, kwa sababu upande ambao upepo unashukia, hewa huteremka kwa kasi inayoweza kuishinda injini yako isipande. Kaa kusini, mbali, kama futi 7,500, na umwonyeshe mama mlima wote kuanzia msitu hadi barafu. Kutoka hapo anauona vizuri kuliko mtu aliye chini yake. Jambo hili nalo linadai asubuhi, kwa maana wewe ni wa Machame na unajua kwamba ikifika saa nne mlima umeshajifunika.

Nikusimulie yaliyonipata. Abiria wangu wa kwanza alikuwa mdogo wangu, mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, tukielekea Ziwa Manyara. Tulipokaribia ukuta wa Bonde la Ufa hewa ilianza kututupa. Mdogo wangu akanyamaza, jasho likamtoka juu ya mdomo, kisha akaanza kutapika kwenye kofia yake. Nikageuka nyuma kutafuta mfuko niliokuwa nimeutupa kiti cha nyuma. Nilipogeuka tena mbele, bawa la kushoto lilikuwa limelala sana na tulikuwa tumepoteza futi 400, na mimi sikuhisi chochote. Tangu siku ile mifuko ya kutapikia hukaa mapajani mwa abiria kabla sijawasha injini, na abiria mpya simrushi mchana.

Jambo la mwisho ni lile la kwaya. Umeahidi siku na saa mbele ya watu, na ahadi hiyo ndiyo mzigo mzito kuliko wote utakaopanda nao. Jumapili hiyo wingu likiwa limelala juu ya Mlima Meru, utaliona wingu, halafu utaona nyuso za watu waliokuja kumtazama mama. Mwambie leo hii kwamba hujui ni siku gani, ila unajua kwamba mtaruka.

Mke wa Rubani anajibu:

Mdogo wangu, mimi si rubani. Mimi ndiye niliyekuwa abiria wa kwanza wa mume wangu (si huyo mzee aliyekujibu hapo juu), hapo hapo Kisongo, na nitakueleza mambo ambayo wataalamu huyasahau kwa sababu wameyazoea.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa sauti. Tulipanda kwa dakika nyingi injini ikinguruma kwa nguvu, masikio yakaizoea, halafu ghafla ikapungua. Mume wangu alikuwa amefika mwinuko alioutaka na kupunguza moto kama kawaida yao, lakini mimi niliamini kabisa kwamba injini inazimika. Nilimshika mkono wa kulia, ule ule uliokuwa kwenye vidhibiti vya injini. Wakati wa kutua nako kikalia kitu kama filimbi inayolia kwa maumivu. Baadaye nikaambiwa kuwa ni king'ora kinachoonya kwamba mwendo umekuwa mdogo, na kwamba sekunde ya mwisho kabla ya magurudumu kugusa ni jambo la kawaida kukisikia. Kwa nini hakuniambia mapema? Mweleze mama sauti hizi mkiwa bado chini, na umwambie tena dakika moja kabla ya kila moja. Neno dogo kama "Mama, sasa nitapunguza sauti ya injini" linatosha kabisa.

Usimpe maelezo ya usalama kwa lugha ya kitabuni. Mkalishe kwenye kiti, afunge mkanda na kuufungua kwa mikono yake mara tatu, afungue mlango na kuufunga mwenyewe mpaka ajue mkono wa kitasa unaelekea wapi. Mwonyeshe usukani ulio mbele yake na pedali zilizo miguuni pake, na umwambie waziwazi kwamba havishikwi wala havikanyagwi hata akishtuka, na kwamba akitaka kushika kitu ashike kiti chake. Kwa habari ya propela, ile pangaboi ya mbele, mwambie kwamba akiwa nje ya ndege, yeye hatembei kuelekea mbele yake kamwe, na kwamba atashuka pale tu utakapomfuata mlangoni na kumshika mkono.

Kuhusu presha, aende kwa daktari wake amweleze safari ilivyo. Atakachotaka kujua daktari ni mwinuko. Futi 7,500 ni chini ya futi 8,000 ambazo ndege kubwa za abiria zinaruhusiwa kufikisha hewa ya ndani. Siku hiyo asiache dawa zake, wala asipande na tumbo tupu. Chai na mkate vinamfaa kuliko njaa. Akiwa na mafua, ahirisheni, kwa sababu masikio yaliyoziba huuma sana wakati wa kushuka. Nawe ushuke polepole, futi 500 kwa dakika au pungufu, na umpe peremende ya kumung'unya.

Mkufunzi wa Moshi anajibu:

Nakubaliana na mzee hapo juu, nami nitaongeza machache.

Kanuni ya kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 inakupa ruhusa, lakini wiki saba kwa mtu mwenye saa 58 ni muda mrefu. Kabla ya mama, ruka na mkufunzi njia yote uliyoipanga, ukiwa na mafuta yale yale na saa ile ile ya asubuhi. Mwombe akae kimya, na baadaye aanze kukuuliza maswali ya mgeni katikati ya mawasiliano ya redio, ili ujizoeze kunyoosha kiganja kama ishara ya "ngoja kidogo" bila kuacha kumsikiliza mwongoza ndege. Mfundishe mama ishara hiyo. Kuanzia unapowasha injini hadi utakapotulia angani, na kuanzia unapoanza kushuka hadi utakaposimama, hakuna mazungumzo isipokuwa ameona ndege nyingine, ndege wakubwa kama korongo na tai, au anajisikia vibaya.

Njia yako inaingia katika anga linaloongozwa na KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, kwa hiyo omba ruhusa mapema, na uwe na mpango wa pili wa njia ikiwa utaambiwa usubiri. Kwa kuwa ndege ni ya kabureta na Kisongo iko juu, kumbuka kupunguza mafuta katika mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kuruka hadi injini itoe mzunguko wake mkubwa. Rubani mwenye wasiwasi juu ya abiria husahau jambo hili kwanza, kisha hushangaa kwa nini ndege ni nzito.

Kagua pia reli za viti vyote viwili. Sukuma kila kiti mbele na nyuma kwa nguvu baada ya kukifunga. Katika aina hii ya ndege, kiti kisichoshika vizuri kinaweza kuteleza nyuma wakati wa kuruka, na aliyekikalia hushika kilicho karibu, nacho ni usukani.

Binti wa Machame anajibu:

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Nimezungumza na mama jana jioni jikoni kwake. Nilipomwambia kwamba sina tarehe tena, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwaya yeye mwenyewe ataieleza. Mjomba amekubali kubaki chini.

Tulimpima mama kwenye mzani wa kupimia kahawa, akiwa na kitenge, sweta na viatu vyake vya ibadani: kilo 79, si 70. Mjomba naye alitaka apimwe, akatoa kilo 94. Kwa hiyo katika hesabu yangu ya mwanzo nilikuwa nimewapunguza watu wawili kwa kilo 23, nami nilikuwa nimeiandika kwa kujiamini kabisa. Sasa tukiwa wawili, na lita 75, na mkoba wa kilo 5, ni kilo 865.

Nimepanga na mkufunzi wangu turuke Jumanne saa moja asubuhi. Baada ya hapo mama atakuja kulala kwangu hapa Arusha Ijumaa usiku, na Jumamosi tutaamka saa kumi na moja tutazame anga. Likiwa baya, tutakunywa chai na nitampeleka kwenye ndege ikiwa imesimama, afunge na kufungua ule mkanda mara tatu.

Dada, nina swali moja kwako: mama anavaa kilemba siku zote, na hedseti inabana masikio. Je, wewe ulivaaje?

Mke wa Rubani anajibu:

Kilemba kinaachia mwanya sauti ikaingia, na fundo lake linauma chini ya ule utepe wa juu. Mfunge kitambaa chepesi cha pamba, fundo likae chini kisogoni, masikio yabaki wazi. Mjaribishe nyumbani hiyo Ijumaa usiku, akae nayo robo saa akiongea nawe.