Kusafisha filamu za 4x5 (vipande vya inchi 4 kwa 5) mchana bila chumba cha giza: paipu ya PVC au raba za nywele?

Mvita45
Salaam aleikum jamani. Nyumbani kwangu Majengo hakuna chumba cha kutia giza mchana; ukifunga madirisha, joto halikaliki. Filamu naipakia ndani ya mfuko mweusi, kisha kazi iliyobaki nataka kuifanya mwangani. Nimejaribu njia mbili. Kwanza, tangi la Paterson la lita moja: kila filamu naiviringa, emalsheni (upande unaoshika picha) ikitazama ndani, naishika kwa raba ya nywele, zinaingia nne. Pili, vipande vya paipu ya PVC ya inchi 2, kila filamu na chake. Raba ni rahisi, lakini filamu mbili kati ya nne zilitoka na mabaka. Paipu zimetoa negativu safi. Wenzangu mwatumia nini?

BiKizingo
Mwanangu, mabaka hayo ni filamu kugusana. Raba iwe moja tu, katikati, tena iliyolegea kidogo. Na nakuomba sana: usiutoe ule mhimili wa kati wa tangi ili upate nafasi. Ndio unaozuia mwanga usiingie kwenye mdomo wa kumiminia. Kuna kijana alikuja kwangu analia na filamu nne za milango ya Mji wa Kale, nyeusi tititi, kwa sababu hiyo.

FundiPaipu
Yakhe, paipu nazipenda, ila tuseme ukweli: kwa umbo hilo si tangi la mchana. Ukitaka kumwaga dawa ya kwanza na kutia ya kusimamisha, lazima ufungue kifuniko, na filamu bado inaona mwanga. Mimi niligundisha koona mbili (viungo vya paipu vilivyopinda) mdomoni, ndani nikazipaka nyeusi isiyong'aa, ili mwanga ukipinda mara mbili ufe njiani. Inafanya kazi, lakini sasa paipu haibingiriki vizuri kwenye karai ili dawa ichanganyike, nayo inamiminika polepole. Kwa hiyo mimi huzitumia zile zisizo na koona, usiku, taa imezimwa kwa sekunde chache za kubadilisha dawa.
Usichukue paipu nyeupe nyembamba. Tia tochi ndani usiku uone inavyong'aa! Ya kijivu nene ni bora, na hata hiyo ipake rangi nyeusi nje.

Mvita45
Shukran. Na joto je? Maji ya mfereji kwangu yana nyuzi 29.

BiKizingo
Hapo ndipo pa kuamulia, kuliko hata mwanga. Dakika za kwenye karatasi ya dawa ni za nyuzi 20. Dawa ikiwa na joto kazi huenda mbio, na muda ukishuka chini ya dakika 5 anga lote hutoka na mawimbi. Mimi siishindanii 20. Naweka karai la maji na chupa za barafu mpaka nyuzi 24, natumia D-76, ndiyo dawa ya kwanza, nusu dawa nusu maji. Kazi ya dakika 11 inakuwa kama 7 na nusu. Paipu inalala ndani ya karai lenyewe, kwa hiyo joto halipandi. Tangi lina lita nzima, nalo hukaa vizuri likizamishwa mpaka shingoni. Ila ili kulipindua lazima ulitoe majini kila dakika.

FundiPaipu
Kweli kabisa. Na kwenye paipu dawa ni kidogo, basi pima isipungue nguvu. Filamu nne za 4x5 zina eneo la roli moja ya picha 36, kwa hiyo kila moja inahitaji robo ya dawa ya roli.

LikoniFeri
Nyongeza: mgongo wa filamu unaogusa paipu hubaki na rangi ya waridi au zambarau. Msiogope, irudisheni kwenye fiksa (dawa ya mwisho, ya kuimarisha picha) ndani ya trei, mwanga hauna neno tena. Kuosha kwa mwisho msitumie maji ya kisima, chumvi huacha madoa. Mimi nanunua maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi), nusu lita yatosha filamu nne.

Mvita45
Basi nakwenda na paipu za kijivu bila koona, kazi baada ya Isha, karai la nyuzi 24. Tangi nitalibakiza kwa siku za filamu nyingi, raba moja moja. Jumapili napiga Fort Jesus upande wa bahari, nitaleta negativu mzione.