Asili ya neno "tiffin": ni mlo, kinywaji au chombo?

Mfasiri wa Morogoro
Ndugu zangu, ninatafsiri hadithi fupi za India zilizoandikwa kwa Kiingereza, na neno "tiffin" linanitatiza. Katika hadithi ya Mumbai, mke anampelekea mumewe "tiffin" kazini. Katika ile ya Chennai, familia inakula "tiffin" alasiri, kisha usiku inakula tena. Kamusi niliyo nayo inasema ni mlo mwepesi wa mchana, yaani chamcha. Je, neno hili limetoka wapi, na kwa nini halitulii mahali pamoja?

Mwalimu wa Historia
Ndugu mfasiri, wengi hudhani ni neno la Kihindi, lakini asili yake ni Kiingereza cha mitaani cha karne ya 18, ambamo "tiffing" lilimaanisha kunywa kidogo kidogo. Kamusi ya Francis Grose ya 1785 inalieleza kuwa ni kula au kunywa nje ya wakati wa mlo. Waingereza waliokaa India walilichukua wakati mlo wao mkuu ulipokuwa ukisogezwa kutoka mchana hadi jioni, kwa hiyo kile kidogo kilicholiwa adhuhuri kikahitaji jina. Uingereza kwenyewe neno hilo lilififia, India likashika mizizi.

Msomaji wa Tanga
Shikamoo mwalimu. Naongeza kwamba neno la kinywaji kugeuka kuwa la chakula si jambo la pekee. Kiingereza cha zamani kilikuwa na "nuncheon", kitafunio cha mchana, ambalo nusu yake ya pili ilimaanisha kinywaji. Nusu ya kwanza ni "noon", iliyotokana na Kilatini cha "saa ya tisa". Na kwa kuwa Warumi walihesabu saa tangu macheo kama sisi, hiyo ilikuwa saa tisa alasiri hasa, kabla maana haijarudi nyuma hadi saa sita.

Nasi tunafanya vivyo hivyo. Mtu akisema anakwenda kunywa chai ya saa nne, hatumtarajii aishie kwenye kikombe, kwani chapati, maandazi au mihogo imo ndani ya neno lenyewe. Ndiyo maana kwa hadithi ya Chennai ningependekeza "chai ya jioni". Huko kusini mwa India "tiffin" ni vyakula vyepesi kama idli (vikeki vya mchele vya mvuke) na dosa (chapati nyembamba za mchele), asubuhi au alasiri, mara nyingi pamoja na kahawa, na "chamcha", ambalo ni ufupisho wa chakula cha mchana, lingempotosha msomaji.

Mfasiri wa Morogoro
Nashukuru sana. Na hadithi ya Mumbai?

Mwalimu wa Historia
Marahaba, ndugu wa Tanga. Mumbai jina limehama kutoka kwenye chakula hadi kwenye chombo: vibati vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, wali chini, mchuzi juu, vikabanwa kwa mshikio mmoja. Tangu miaka ya 1890 hivi wachukuzi waitwao dabbawala wamekuwa wakivitoa majumbani na kuvifikisha maofisini. Nao jina lao limetokana na "dabba", yaani kopo. Hapo andika "tifini", ueleze chombo mara moja tu pale kinapotajwa kwanza, kisha uendelee.